Mshahara wa ofisa mauzo wa bima: unafika wapi?

Kijana akipata kazi ya kuuza bima, swali la kwanza nyumbani huwa, "Watakulipa shilingi ngapi?" Ni swali zuri, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni, "Utaishi wapi?" Laki sita za Dar es Salaam si sawa na laki sita za Singida, ingawa noti ni zilezile.

Makala hii inaeleza jinsi ya kupima mshahara kwa kuangalia mahali, kabla ya kukubali kazi au uhamisho.

Kisichobadilika

Tuchukue ofisa mauzo aliyeajiriwa Tanzania Bara kwa mshahara wa Sh 600,000 kwa mwezi. Hukatwa kwanza asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani Sh 60,000. Zinabaki Sh 540,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni Sh 24,000. Mkononi anapata Sh 516,000. Makato hayo hayaulizi anaishi mkoa gani.

Kinachobadilika

Pango. Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Tena wenye nyumba wengi mijini hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Nauli. Katika mji mdogo mtu anaweza kwenda kazini kwa miguu. Katika jiji atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi.

Chakula. Mchele, mahindi na maharage hulimwa mikoani. Yanapofika jijini, bei yake imeshabeba gharama ya lori, ushuru na faida ya wachuuzi.

Mafuta na bidhaa za viwandani. Hapa mambo hugeuka. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo ya mafuta kwa kila mji. Miji iliyo mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kama vile Kigoma na Bukoba, huwa na bei ya juu zaidi. Kwa hiyo si kila kitu ni rahisi mikoani.

Tupige hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za mahali pake.

Jijini: pango 120,000, chakula 200,000, nauli 60,000, umeme na maji 30,000, vocha ya simu 25,000. Jumla Sh 435,000. Kati ya Sh 516,000 zinabaki Sh 81,000.

Mji mdogo: pango 50,000, chakula 140,000, nauli 15,000, umeme na maji 20,000, vocha ya simu 25,000. Jumla Sh 250,000. Zinabaki Sh 266,000.

Mshahara ni mmoja, lakini tofauti ya kinachobaki ni Sh 185,000 kila mwezi.

Usisahau kamisheni

Ofisa mauzo hategemei mshahara peke yake. Jijini kuna magari mengi, maduka mengi na waajiri wengi, kwa hiyo wateja wa bima hupatikana karibu. Tuseme kamisheni yake baada ya kodi ni Sh 150,000. Sasa amebakiwa na Sh 231,000.

Mwenzake wa mji mdogo anapata kamisheni ya Sh 50,000, na ili aipate hutumia Sh 70,000 za bodaboda kuwafuata wateja vijijini. Amebakiwa na Sh 246,000. Ile tofauti ya Sh 185,000 imeshuka hadi Sh 15,000! Ndiyo maana ni muhimu kuuliza mapema kama mwajiri analipa gharama za kuwafuata wateja.

Hatari ya miezi ya kwanza

Turudi kwa yule wa jijini. Pango la miezi sita kwa Sh 120,000 ni Sh 720,000. Fedha hizo zinazidi mshahara wake wa mwezi wa kwanza, na kamisheni bado haijaanza kuingia. Wengi hukopa. Huku nyumbani wazazi na wadogo zake wanasubiri, kwa kuwa wamesikia amepata "kazi ya laki sita". Asipotuma huonekana ana mkono wa birika. Akituma, deni linakua. Kuwaonyesha ndugu hesabu yote mapema huepusha lawama.

Wenzetu wa Kenya

Nchini Kenya sheria yenyewe huitambua tofauti ya mahali. Kwa amri ya Mei 2022, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida kwa mwezi kilikuwa Sh 15,201.65 za Kenya katika majiji kama Nairobi na Mombasa, Sh 14,025.40 katika miji iliyokuwa manispaa, na Sh 8,109.90 katika maeneo mengine. Tanzania Bara kima cha chini katika sekta binafsi hupangwa kwa aina ya kazi, si kwa mahali. Hivyo mfanyakazi inambidi aipige hesabu hii mwenyewe.

Kabla ya kusaini

1. Uliza utapata kiasi gani mkononi baada ya makato.
2. Mpigie simu mtu anayeishi huko, akupe bei za pango, chakula na nauli.
3. Uliza kamisheni hulipwa lini, na nani hulipia safari za kikazi.
4. Weka akiba ya pango la kwanza, au omba mwajiri akukopeshe na kukukata kidogo kidogo.
5. Linganisha kinachobaki, si kinachotajwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Je, kijana wetu aliye mjini tunamuulizaje kuhusu fedha? Tunajua analipa pango kiasi gani? Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinaweza kumsaidia anayeanza kazi ili asiangukie kwenye mikopo ya riba kubwa?