Mgawo wa Nafasi Ushuke Hadi Shule ya Kijiji

Chini ya milima ya Uluguru zipo shule mbili za serikali zinazotamaniwa na wazazi wengi nchini: Kilakala ya wasichana, mjini Morogoro, na Mzumbe ya wavulana, upande wa barabara ya Iringa. Zote zimo katika orodha fupi ya shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Kibaha, Msalato na zile za Tabora. Tiketi ya kuingia ni alama za juu za mtihani wa darasa la saba. Wengi wetu tunaona hapo haki imetendeka, maana karatasi ya mtihani ni moja kwa mtoto wa Nyandira, wa Tegetero na wa katikati ya mji. Tofauti iko katika miaka saba iliyotangulia karatasi hiyo: walimu wangapi walikubali kukaa mlimani, vitabu vilitosha watoto wangapi, na nani alikuwa na mzazi wa kumlipia masomo ya ziada. Je, serikali iifidie tofauti hiyo kwa kutenga nafasi? Tanzania ililijibu swali hilo miaka mingi iliyopita, na nadhani ilijibu vizuri ilipochagua kutazama mahali mtu anapotoka badala ya kabila lake. Ilikosea kipimo tu. Mkoa ni mpana mno.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili ni India, ambako tabaka la kuzaliwa liliamua kwa karne nyingi nani asome na nani afagie. Katiba yake ya 1950 ilifuta hali ya watu kuhesabiwa najisi na kuruhusu watengewe nafasi. Leo, katika ajira na vyuo vya serikali kuu, asilimia 15 ni za Wadalit, yaani waliohesabiwa najisi, 7.5 za makabila ya asili, na 27 za matabaka mengine yaliyoachwa nyuma. Fungu hilo la mwisho lilitokana na ripoti ya Tume ya Mandal, na serikali ilipotangaza kulitekeleza mwaka 1990 wanafunzi waliingia mitaani kulipinga. Mahakama ya Juu ililikubali mwaka 1992, lakini kwa masharti: nafasi zote zinazotengwa zisizidi nusu, na familia zilizokwisha kuinuka ndani ya matabaka hayo zitolewe kwenye hesabu. Mwaka 2019 likaongezwa fungu la asilimia 10 kwa maskini wasiomo katika makundi hayo, na mwaka 2024 Mahakama ikaruhusu majimbo kuwagawa Wadalit wenyewe, ili walio chini kabisa wasimezwe na wenzao waliotangulia. Kwa miaka zaidi ya 70, basi, India imekuwa ikijifunza jambo moja kwa gharama kubwa: ukitenga nafasi kwa kundi kubwa, wa kwanza kuzichukua ni wale wa kundi hilo waliokuwa karibu na mlango.

Tanzania haina matabaka ya kurithi ya namna hiyo. Ina urithi wa misheni na kahawa. Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe vilipata shule mapema na fedha za kulipia ada, na sehemu nyingine zikabaki zikitazama. Uluguru haikukosa misheni: Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Morogoro mwaka 1882, kisha wakapanda Matombo na Mgeta. Lakini shule zao zilimnufaisha zaidi aliyeishi jirani nazo, na familia nyingi za Kiislamu zilihofu kwamba kumpeleka mtoto kusoma ni kumpeleka kubatizwa. Baada ya uhuru shule zilizokuwa za Wazungu, Waasia na Waafrika ziliunganishwa, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za madhehebu zilizopata ruzuku mikononi mwa serikali. Kilakala yenyewe ni Marian College ya zamani, iliyojengwa na masista wa Maryknoll. Katika miaka ya 1970 ukaja mfumo wa kwota: kila mkoa ulipewa nafasi za kidato cha kwanza kwa kadiri ya wahitimu wake wa darasa la saba. Kabila halikutajwa popote, na lisingeweza kutajwa kwa urahisi, kwa kuwa sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake. Tangu Januari 1964 Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kukataa raia wabaguliwe kwa rangi katika ajira za serikali. Kwota ya mikoa ilikuwa mtoto halali wa siasa hiyo.

Sasa tazama mkoa wenyewe. Morogoro una zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Ndani yake mna manispaa yenye Chuo Kikuu cha Sokoine, mashamba ya miwa ya Kilombero, wafugaji wa Kilosa, wavuvi na wakulima wa mpunga wa Malinyi, na vijiji vya Uluguru ambavyo mvua ikinyesha gari halipandi. Nafasi iliyotolewa kwa jina la Morogoro inaweza kuchukuliwa na mtoto wa mhadhiri, na hesabu ya mkoa ikaonekana imetimia. Hata kuishia wilayani hakutoshi: Mvomero inazo Mzumbe yenye chuo kikuu chake, na Mgeta ya wakulima wa kabichi na viazi. Hiki ndicho kitu ambacho majaji wa India walikiona mwaka 1992, ila sisi hatukuwahi kukirekebisha.

Pingamizi la kwanza ni la sifa: nafasi apewe anayeweza. Nakubaliana nalo kabisa. Tunachobishania ni namna ya kumjua anayeweza. Mtoto aliyepata alama 70 katika shule yenye walimu watatu huenda ana uwezo kuliko aliyepata 80 katika shule yenye kila kitu. Kanuni isiyomwangalia mtu usoni nayo inaweza kuumiza. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Idadi ya wanawake waliodahiliwa ikaporomoka, na haikupita miaka mingi serikali ikawaondolea sharti hilo. Na kwa wanaohofia kwamba nafasi za kutengwa hushusha ubora wa kazi, wachumi Ashwini Deshpande na Thomas Weisskopf walichunguza Shirika la Reli la India, lenye maelfu ya waajiriwa wa namna hiyo, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014 hawakuona dalili kwamba tija ilipungua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wapo wanaosema kwota ilikuwa dawa ya uhaba, na uhaba umekwisha: shule za kata zimejengwa kila mahali tangu katikati ya miaka ya 2000, na ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016. Kweli, kiti cha kidato cha kwanza si adimu tena. Kilicho adimu ni kiti kizuri, chenye maabara na mwalimu wa fizikia, na hicho bado kinagombaniwa kwa alama. Historia inatuonya pia kwamba wenye uwezo hawasubiri: mikoa iliyobanwa na kwota, Kilimanjaro mbele yao, ilijijengea sekondari binafsi, na kabla muongo wa 1980 haujaisha shule hizo zilikuwa zimezizidi za serikali kwa idadi. Wa Kikeo, huko Uluguru, hawana njia hiyo.

Kuna pia wanaoogopa kwamba ukianza kuchambua hadi kijijini utaamsha ukabila, kwa kuwa kijiji mara nyingi ni cha watu wa asili moja. Kenya ilichagua njia ya kutaja: sheria yake ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Sisi hatuhitaji kufika huko. Jimbo la Texas, Marekani, lilipitisha mwaka 1997 sheria iliyowapa nafasi katika vyuo vikuu vyake asilimia 10 bora ya wahitimu wa kila sekondari, bila kutaja rangi ya mtu. Mtoto anashindanishwa na wenzake waliokalia madawati yaleyale. Wala hatuogopi kutaja kundi pale hoja inapokuwa wazi: sheria yetu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilifunguliwa mwaka 2005 katika majengo ya TANESCO yaliyotolewa na serikali ya Rais Mkapa.

Kiti peke yake hakitoshi, hasa kwa mtoto anayetoka darasa la Kiswahili na kukuta vitabu vya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilielewa hilo kilipoanzisha, katika miaka ya 1990, mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia kufuzu masomo ya sayansi: walifundishwa kwanza, kisha wakadahiliwa. TAMISEMI, inayopanga wanafunzi wa kidato cha kwanza, inayo matokeo ya kila shule ya msingi nchini. Itenge sehemu ya nafasi za Kilakala, Mzumbe na wenzao kwa mwanafunzi bora wa kila shule ya msingi katika kata zilizo nyuma, na iweke muhula mmoja wa maandalizi kabla ya masomo kuanza. Takwimu zipo, mabweni yapo. Ianze na Uluguru.