Butembo: Nilijipodoa juma zima kwa franka 25,000, bila kubadili rangi ya uso wangu

Mdogo wangu ana miaka 22. Alipopata kazi kwenye kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu hapa mjini Butembo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, jambo la kwanza alilofanya ni kununua mafuta ya uso. Yalikuwa ndani ya kikopo kidogo kisicho na jina la kiwanda. Muuzaji alimwambia yatamfanya aonekane msafi. Baada ya majuma mawili mashavu yake yalikuwa mekundu, yakimwasha, na kila alipotoka juani alijifunika kitambaa.

"Sikutaka kuwa mweupe, yaya," aliniambia. "Nilitaka tu kupendeza kazini."

Maneno hayo yalinifanya nijiulize: mwanamke mwenye mshahara mdogo anaweza kujipodoa kila siku bila kuharibu ngozi yake? Niliweka franka 25,000 ndani ya mfuko nikaenda kununua. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi nilivaa nilichopata nikiwa kwenye kazi yangu ya kawaida: pikipiki, vumbi, mvua na masaa marefu ya mahojiano.

Rangi yako iko chini ya meza

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Vitu vingi vya urembo vinatoka China na Dubai, vinapita Uganda, kisha vinaingia kwa mpaka wa Kasindi. Kwenye soko kuu na kandokando ya Rue d'Ambiance, pudra zinapangwa pamoja na sabuni, meshi za nywele na kandambili. Kwenye farmasia ziko chache, nyuma ya kioo, na bei inapanda kidogo.

Muuzaji wa kwanza hakuniuliza ninatafuta nini. "Karibu yaya. Chukua hii, itakutoa weusi kidogo." Alikuwa ameshika fondeten ya rangi ya karanga iliyomenywa. Nilipomwomba ile inayofanana na mimi, aliinama akatafuta chini ya meza. Alitoa pudra mbili tu za rangi nzito, zenye vumbi juu ya kifuniko. Alisema wateja wenyewe wanaomba nyeupe, kwa hiyo hizo nzito analeta chache.

Shida hiyo haikuanzia Butembo. Mwaka 2017, kampuni ya Fenty Beauty ya mwimbaji Rihanna ilipotoa fondeten yenye rangi 40 kwa mara moja, ilikuwa habari kubwa duniani, kwa sababu wanawake weusi walizoea kupewa rangi mbili au tatu. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilifungua mauzo katika nchi nane za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Congo haikuwemo.

Nilirudi nyumbani na vitu vitano: fondeten ya tyubu kwa franka 10,000, pudra ngumu yenye sifongo lake kwa 7,000, kopo la Vaseline kwa 3,000, mafuta ya midomo kwa 2,000 na penseli ya nyusi kwa 1,000. Franka 2,000 zilizobaki zilikwenda kwa motari.

Siku sita, vitu vitano

Jumatatu nilipakaa fondeten uso mzima. Niliichagua dukani chini ya taa ya umeme, na hapo ilionekana sawa. Nilipotoka mlangoni kwangu na kioo mkononi, uso ulikuwa kama umepakwa majivu na shingo ilikuwa ya mtu mwingine. Kazini mwenzangu aliniuliza kama ninaumwa. Sababu inajulikana: fondeten nyingi zina unga mweupe wa titani, unaoandikwa CI 77891 kwenye boksi. Unafunika madoa vizuri, lakini ukizidi, ngozi nyeusi inakuwa ya kijivu. Rangi za kahawia zinatokana na madini ya chuma, yaani CI 77491 nyekundu, CI 77492 ya manjano na CI 77499 nyeusi. Kama kiwanda hakikuweka ya kutosha, mkono wa mpakaji hauwezi kuokoa kitu.

Jumanne nilichanganya tone la fondeten hiyo na Vaseline, nikagusa tu chini ya macho. Nyumbani nilipendeza. Lakini nilipofika ng'ambo ya mji kwa pikipiki, vumbi lote jekundu la barabara lilikuwa limenasa kwenye mafuta. Nilinawa kwenye jerikani la mama mmoja anayeuza ndizi, naye alicheka sana.

Jumatano niliacha fondeten kabisa. Nilipakaa Vaseline kidogo sana, nikangoja dakika kumi, nikafuta iliyozidi kwa kitambaa, kisha nikapitisha pudra. Hii pudra nilikuwa nimeijaribu kwenye taya, nje ya duka, kwenye mwanga wa jua. Ilikaa hadi saa nane mchana na hakuna aliyeniuliza kama ninaumwa.

Alhamisi mvua ilininyeshea. Nilijifunza kukausha uso kwa kuugandamiza na karatasi laini, bila kuongeza pudra juu ya maji, maana inafanya mabonge. Siku hiyo pia chunusi mbili zilitoka kidevuni. Niliangalia sifongo: lilikuwa limejaa jasho na mafuta ya siku zote. Nililiosha kwa sabuni, likakauka usiku, na chunusi mpya hazikutoka.

Ijumaa na Jumamosi niliongeza penseli na mafuta ya midomo juu ya pudra. Dakika tano zilinitosha asubuhi, na jioni maji ya uvuguvugu na sabuni laini vilitoa kila kitu.

Kwa hesabu, vitu vilivyofanya kazi vilinigharimu franka 13,000. Zile 10,000 za fondeten zilipotea, kwa sababu ya kununua rangi bila kuitoa nje. Muuzaji alikataa kubadilisha tyubu iliyofunguliwa, na nilimwelewa.

Hatari ya kikopo bila jina

Pudra ya rangi mbaya inaondoka kwa maji. Mafuta ya kugeuza ngozi hayaondoki hivyo. Shirika la Afya Duniani limeonya mara nyingi kwamba baadhi yake yana zebaki, ile merkiri ambayo wachimbaji wanaitumia kukamata dhahabu. Inapita kwenye ngozi, inaharibu figo, na inaweza kuacha vipele na makovu. Hidrokinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu bila daktari, inaweza kuleta madoa meusi ya kibuluu ambayo ni vigumu kuyatibu.

Nchi jirani ya Rwanda ilianza mwishoni mwa 2018 kuondoa bidhaa za namna hiyo madukani. Mwaka 2023, nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa nje au kuingizwa nchini baada ya 2025. Lakini sokoni, kikopo kisicho na maandishi hakiwezi kukuambia kilipita wapi.

Kabla ya kutoa pesa

Soma boksi. Kama halina orodha ya vitu vilivyomo wala jina la kiwanda, liache. Ukiona neno "hydroquinone", "calomel", "mercure" au "mercurous chloride", liache pia.

Tafuta mchoro wa kopo lililofunguliwa. Namba iliyo ndani yake, kwa mfano 12M, ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua.

Jaribu rangi kwenye taya, toka nje, ngoja dakika kumi na tano. Fondeten nyingi zinabadilika rangi zikikauka.

Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, chukua pudra ya rangi yako.

Mdogo wangu aliacha yale mafuta. Kwenye kituo cha afya walimwambia asipakae chochote usoni mpaka ngozi ipone, na ilichukua miezi miwili. Doa moja limebaki karibu na sikio la kushoto. Kibandani wateja wanaendelea kuja kutoa pesa zao kama kawaida.

Juzi aliniuliza ile pudra yangu inauzwa meza gani. Nilimpeleka mwenyewe, saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka.