Soma Mgongo wa Pakiti

Katika maduka ya Kikima na Tawa, kama kwingineko Mbooni, pakiti za krispi, chevda na biskuti hunadiwa kwa maneno ya upande wa mbele: asilia, haina gluteni, haina sukari, nyuzinyuzi tele. Kwa mtu ambaye tumbo lake hujaa gesi na kumsokota mara kwa mara, na ambaye daktari amempa lishe yenye FODMAP kidogo, maneno hayo hayana msaada, na mengine humpotosha. Linalomfaa ni orodha ya viambato, ile ya herufi ndogo mgongoni mwa pakiti. FODMAP ni jina walilolitoa watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, mwaka 2005, kwa kundi la sukari na wanga mfupi ambao utumbo mdogo haufyonzi vizuri. Sukari hizo huvuta maji njiani, na zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Wengi wetu hatuhisi lolote. Mwenye utumbo unaochokozeka upesi huumia.

Gluteni ni protini, wala si mojawapo ya sukari hizo. Chipsi za mahindi zisizo na gluteni, zikinyunyiziwa unga wa vitunguu na saumu, tayari zimebeba fruktani, mojawapo ya sukari hizo. Nyuzinyuzi zinazosifiwa huenda ni inulini ya mzizi wa chikori, nayo pia ni fruktani. Peremende isiyo na sukari mara nyingi hutiwa utamu kwa sorbitoli (E420) au maltitoli (E965), na asali, pamoja na uasilia wake wote, ina fruktosi inayozidi glukosi. Chevda ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa unga wa dengu ndio mwili wake. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, lakini mpangilio huo usikulaze: saumu kidogo mwishoni mwa orodha yaweza kumtesa mtu, na kanuni za kimataifa za Codex huruhusu viungo visivyozidi asilimia 2 kuandikwa kwa jina la jumla tu. Penye neno "viungo" bila ufafanuzi, ni salama zaidi kuchagua krispi za viazi, mafuta na chumvi basi.

Kuna atakayeuliza: Ukambani tumekulia isyo, muthokoi, ndengu na mbaazi, leo vimekuwa sumu? Hapana, na ni muhimu kulisema hili waziwazi. Mahindi na mtama havina shida hapa. Mikunde ina sukari ambazo hakuna binadamu aliye na kimeng'enya cha kuzivunja, lakini ni chakula bora, na asiyeumwa hana sababu ya kuiacha. Hata kwa mgonjwa, makali ya lishe hii hudumu wiki 2 hadi 6, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja ili ajue kipi hasa kinamdhuru. Kuloweka maharagwe na kumwaga maji yake hupunguza sukari hizo, maana huyeyuka majini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba vitafunio vingi vya sokoni havina lebo kabisa. Ni kweli, na hapo hakuna budi kumuuliza muuzaji ametia nini. Njugu karanga zilizokaangwa kwa chumvi na bisi zisizotiwa kitu humfaa mgonjwa kwa kiasi cha konzi moja. Embe lililokaushwa, ingawa ni fahari ya Makueni, lina fruktosi iliyokolea, hivyo aliache kwanza.

Yote haya yatanguliwe na vipimo. Damu chooni, homa au kukonda ghafla havitibiwi kwa kuchagua krispi, na vimelea vya giadia huweza kuiga dalili zilezile. Tena lishe hii huondoa ngano, ilhali kipimo cha siliaki, ugonjwa unaochochewa na gluteni ya ngano, huaminika tu mtu akiwa bado anaila. Akiiacha mapema, majibu yanaweza kuonyesha hana ugonjwa alio nao.