Je, Wajua? Pikipiki ya Lami na Kichanga Hupimwa Bungu

Je, wajua kwamba pikipiki inayouzwa kwa sifa ya kuweza lami na pori inaweza kumaliza mtihani wake wote bila kutoka Wilaya ya Kibiti? Bungu iko kwenye barabara kuu ya lami iendayo Kilwa na Lindi, na hapo hapo ndipo inapochepuka njia ya bandari ya Nyamisati, wanakopandia boti waendao Mafia. Ingia kwenye mikorosho, utakutana na kichanga. Shuka bondeni wakati wa masika, utakutana na udongo wa mfinyanzi. Ukifika kwenye mikoko, kuna maji ya chumvi. Anayeizungusha pikipiki mara mbili mbele ya duka kisha akatoa hela bado hajaijaribu.

Je, wajua aina hii ina umri gani? Yamaha walitoa DT-1 ya cc 250 mwaka 1968. Honda XL250 ikafuata mwaka 1972, na BMW wakaleta R80 G/S mwaka 1980. Mbio za kwanza za Paris–Dakar zilianza Desemba 26, 1978, na mshindi wake, Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT500 yenye silinda moja tu. Lakini pikipiki zilionja vumbi la nchi hii zamani zaidi: mwaka 1916 kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini kilipigana huku, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto.

Je, wajua tofauti ya uzito? BMW R 1250 GS Adventure, tangi likiwa limejaa, ina kilo 268. Honda CRF300L ina kilo 142. Ikilala kwenye kichanga, hiyo ya pili mtu mmoja mwenye nguvu za kawaida ataiinua. Ya kwanza itamlazimu kuita watu, na njia za huko ndani unaweza kukaa saa nzima hajapita mtu. Kwa mazingira haya mimi nachagua nyepesi bila kusitasita.

Je, wajua kwamba muuzaji akikuwashia pikipiki kabla hujafika anaweza kuwa amekuficha ugonjwa? Injini ya moto huwaka kirahisi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto, iache ipoe, kisha uiwashe mwenyewe. Halafu gonga spoku za rimu moja moja kwa spana: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Inua tairi la mbele, geuza usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi unanasa katikati, beringi zake zimekwisha.

Je, wajua mchanga wenye unyevu unaweza kufanya kazi ya fundi? Pita juu yake moja kwa moja, taratibu, usukani ukiwa umenyooka, kisha shuka ukaangalie alama. Alama ya tairi la nyuma inatakiwa kulala juu ya ile ya mbele. Zikiachana, ama tairi la nyuma limefungwa upande, ama fremu imepinda. Kosa la kwanza hurekebishwa kwa spana. Kwa la pili, achana na pikipiki hiyo.

Je, wajua shokapu hupimwa kwa futi kamba? Shokapu ya nyuma ikiachia tairi lipande milimita 200, pikipiki inatakiwa izame kama theluthi moja ya urefu huo, yaani milimita 60 hadi 70, ukishakaa juu yake na mzigo wako wote. Mzigo wako, si wa muuzaji. Atakayebeba mama mtu mzima na gunia la korosho apime na watu na gunia. Na hapa wengi hudanganyika: kukaza springi ya shokapu hakuifanyi springi iwe ngumu, kunainua tu pikipiki juu. Ikiwa umekaza hadi mwisho na bado inazama, dawa ni springi nyingine.

Je, wajua upepo wa tairi ndio rekebisho la bei rahisi kuliko yote? Kwenye lami, psi 28 hivi huifaa pikipiki nyingi nyepesi za aina hii. Kwenye kichanga kirefu, shusha hadi 18, tairi litatanuka na kuelea badala ya kuchimba. Ukirudi lami, jaza tena, maana tairi lenye upepo mdogo hupata moto likikimbia. Kuna hatari nyingine: tairi legevu linaweza kuteleza kwenye rimu, likavuta tyubu na kung'oa valvu. Nati ile ndogo ya valvu usiikaze dhidi ya rimu. Irudishe juu hadi kwenye kifuniko. Siku valvu itakapoanza kuinama, utaiona kabla haijakatika.

Je, wajua jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma? Pikipiki yenye sproketi za 15 na 45, ukiweka 14 mbele, inaongeza nguvu ya kuvuta kwa karibu asilimia 7, na mwendo wa juu kabisa unapungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa njia za tope, ni biashara nzuri.

Je, wajua Yamaha AG200, iliyobuniwa kwa ajili ya wakulima, mnyororo wake umefunikwa wote ndani ya kasha? Natamani kila pikipiki ya mchanga ingekuwa hivyo. Mnyororo ulio wazi, ukiupaka oili nzito, unakamata mchanga na kujisaga wenyewe.

Je, wajua injini iliyomeza maji haitakiwi kuguswa stata? Maji hayakandamiziki kama hewa. Pistoni ikiyagonga, konrodi inapinda. Fungua plagi kwanza, kisha piga kiki hadi maji yatoke yote. Angalia na oili: ikiwa nyeupe kama tui, imwage.

Je, wajua hata lami huwa mto? Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huo huo mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga. Breki za ngoma zikishalowa hazishiki. Ukitoka majini, zikanyage kidogo kidogo huku ukitembea hadi zikauke. Kwa maji ya chumvi, hasa siku za bamvua bahari inapopanda mbali, osha pikipiki kwa maji baridi siku hiyo hiyo, ukianza na spoku na mnyororo.

Je, wajua mzigo wa nyuma huinua taa ya mbele? Pikipiki ikizama nyuma, mwanga unamwingia machoni dereva wa basi anayekuja, nawe huoni shimo lililo mbele yako. Irekebishe jioni, mbele ya ukuta, abiria na mzigo wakiwa juu.