Pikapu Inapolia Kwenye Kona

Tunamshauri mwenye pikapu atambue mlio kabla ya kununua kipuri. Mvumo usikikao usukani unapokatwa, hata gari likiwa limesimama, mara nyingi huashiria upungufu wa oili ya usukani. Mlio wa “ka-ka-ka” kwenye kona kali hutokana na kuchakaa kwa jointi ya ekseli ya mbele. Ngurumo iongezekayo kwa kadiri ya mwendo, ikibadilika gari likata kona, huelekeza kwenye beringi. Kishindo kizito, “gu!”, chaweza kutoka kwenye boljointi, ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hautii. Pikapu ya namna hiyo isiteremshwe Mlima Sekenke kuelekea Shelui. Ikaguliwe Misigiri kwanza. Baada ya matengenezo, dai risiti na kipuri kilichotolewa.