Rangi ya Gari la Njia Mbovu

Mtu anunuapo gari la kwenda porini, swali lake la kwanza ni rangi: kijani au nyeupe? Afadhali alale kwanza chini ya gari atazame juu, kwani kutu huanzia huko, tope linapokaa siku nyingi bila kukauka.

Hapa Rumonge unyevu ni mwingi, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifurika hadi kwenye nyumba za watu. Maji yake si ya chumvi kama ya bahari, lakini maji na hewa tu vyatosha kukila chuma. Land Rover zilizoanza kutoka mwaka 1948 zilikuwa na bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Bodi ilidumu, chesisi ikaoza.

Basi osha, kausha, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha paka rangi ya msingi yenye zinki. Wengine hupaka lami nzito juu ya kutu. Huko ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba: lami ikipasuka, maji hujificha nyuma yake. Mimi napendelea nta, kwani hupenya viungoni, ingawa yataka kurudiwa kila mwaka. Mawese yetu hayafai. Hushika vumbi, na yakichacha huwa na asidi. Breki na bomba la moshi usivipake chochote.

Kwa juu, chagua rangi ing'aayo. Tope huosheka upesi, na mikwaruzo ya miiba hung'arishwa. Rangi iliyofifia ukiisugua huacha doa.