Darasa Ufukweni: Ziara za Shule za Msingi katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Inapotajwa ziara ya kimasomo, wengi wetu hufikiria basi, mchango wa wazazi, chakula kwenye mifuko, na mwisho wa safari makumbusho au mbuga ya wanyama. Ndivyo ziara zinavyoandikwa katika maazimio ya kazi, na ndiyo sababu shule nyingi haziendi: basi halipo. Katika makala haya tunapenda kueleza ziara ya aina nyingine, ile ya dakika 10 kwa miguu. Mfano wetu ni pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuanzia mlango wa mto Ruvuma, kupitia Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Ibo na Quirimba. Huko bahari iko nyuma ya shule, na suala la lugha, ambalo ndilo letu katika idara hii, linajitokeza waziwazi kuliko mahali pengi.

Kwa msomaji asiyeifahamu pwani hiyo, tuseme machache. Maeneo ya Palma huzungumzwa zaidi Kimakwe. Ukishuka kusini kuelekea Mocímboa da Praia na visiwani ni Kimwani, lugha iliyo karibu sana na Kiswahili kiasi kwamba wanaisimu wamebishana iwapo ni lahaja au lugha inayojitegemea. Bara kidogo ni Kimakonde na Kimakua. Kiswahili chenyewe kinafahamika kwa wafanyabiashara na wavuvi wanaovuka Ruvuma. Jina Wamwani hufasiriwa kuwa ni watu wa pwani, ilhali Mzanzibari akisikia neno mwani atafikiria majani ya baharini yanayolimwa Paje na Jambiani. Neno moja, na tayari tuna somo la semantiki.

Shuleni lugha rasmi ni Kireno. Mtoto wa miaka 6 anafika darasani akijua kamba ya mtego inafungwaje, pweza hujificha wapi na maji yatarudi lini, lakini hana Kireno cha kuyasema hayo. Mwalimu naye, ambaye mara nyingi ametoka wilaya au jimbo lingine, ana Kireno lakini hajui hata mtego huo unaitwaje. Kila mmoja ana nusu ya somo, na ndani ya kuta nne nusu hizo ni nadra kukutana.

Serikali ya Msumbiji ilililitambua tatizo hilo mapema. Mwaka 2003 elimu kwa lugha mbili ilianza kuingizwa rasmi katika shule za msingi, na katika lugha 16 za mwanzo Kimwani na Kimakonde zimo. Aidha, mtaala wa elimu ya msingi ulioanza kutumika mwaka 2004 ulitenga asilimia 20 ya muda wa masomo kwa kile kinachoitwa mtaala wa mahali, yaani maarifa ya jamii inayoizunguka shule, yakusanywe kwa wazee, mafundi, wavuvi na wakulima. Kwa maoni yetu huo ni uamuzi wa busara kuliko mingi tuliyoisoma katika mitaala ya nchi zetu. Ugumu uko kwenye utekelezaji. Mwalimu aliyeambiwa afundishe maarifa ya mahali asipopewa njia ya kuyafikia, ataandika ubaoni "uvuvi" na kuwaamuru watoto wanakili. Njia ya kuyafikia ni kutoka nje.

Ratiba ya ziara ya ufukweni haipangwi na mwalimu mkuu. Inapangwa na mwezi. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, takriban saa 6 na dakika 12 kati ya kujaa na kupwa, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku moja mbili zinazofuata, maji hushuka sana, zaidi ya mita 3 katika pwani hii, na mwamba, nyasi bahari na vidimbwi hubaki wazi. Siku za maji mafu hushuka kidogo tu. Sasa jambo ambalo mwalimu mgeni hulifurahia akilijua: katika pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, kati ya saa 3 na saa 5. Ni saa za shule. Kupwa kwa maji mafu huangukia alasiri, na hakufai.

Kwa hiyo somo linaanza wiki mbili kabla, darasani. Watoto wanachora mwezi kila jioni na kuandika tarehe. Wengi wao wanasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na hesabu ya mwezi wa Kiislamu wanaijua. Waulizwe: bamvua itakuwa lini? Atakayejibu pengine ni yule asiyefungua mdomo katika somo la Kireno. Halafu lipo swali la hesabu ambalo wenzetu wa Mtwara wanaweza kulitumia pia. Saa ya Msumbiji iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa 1. Maji yakipwa Msimbati saa 4 na nusu, mtoto wa Palma, ng'ambo ya mto, atasema yamepwa saa 3 na nusu hivi, na wote wawili wako sawa. Je, bahari imekosea au saa? Darasa la tano linaweza kubishana juu ya hilo kipindi kizima.

Siku yenyewe iwe na swali moja au mawili tu. Ziara isiyo na swali ni matembezi, na watoto wa pwani hawahitaji mwalimu ili watembee pwani. Tukichukua mfano wa mtego wa dema, swali laweza kuwa: samaki anaingiaje, na kwa nini hatoki? Mwalimu amwombe mzee mmoja anayesuka madema akae chini ya mti na kazi yake. Watoto wakae kwa vikundi vya watano au sita, kila kikundi kiguse, kipime, kichore. Mlango wa dema ni mpana kwa nje na unafinyika kwa ndani, hivyo samaki husukuma akiingia na huchomwa akirudi. Matundu ya msuko yana pande sita. Mtoto ahesabu pande, kisha aone jinsi pembe tatu zinavyokutana bila kuacha nafasi. Nyuzi 120 mara tatu ni 360. Ukubwa wa tundu nao unaleta suala la samaki wadogo: mwenye tundu dogo anavua nini leo, na atavua nini mwaka ujao? Mzee anaweza kulijibu hilo kuliko kitabu chochote, maana ameyaona maji kabla na baada.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na tungependa wanafunzi wetu wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha wasome sehemu hii kwa makini. Ufukweni watoto waachwe waseme lugha ya nyumbani. Mwalimu ashike daftari, aandike neno kama lilivyotamkwa, amwombe mtoto achore kitu chenyewe pembeni. Asitafsiri papo hapo. Mwalimu anayekatiza kila neno ili aseme kwa Kireno hivi, au kwa Kiswahili sanifu vile, anaifunga ile midomo aliyotaka kuifungua. Tafsiri ni kazi ya kesho yake darasani: michoro inabandikwa ukutani, kila kitu kinapata jina la nyumbani kwanza na la Kireno chini yake, kisha watoto wanatunga sentensi fupi. Niliona. Nilipima. Nadhani ni kwa sababu. Sentensi hizo zina kitu ndani, kwa kuwa mtoto anajua anachokisema.

Kwa wanaisimu, madaftari hayo ni hazina. Mtego huo Unguja ni dema, wengine husema lema, na katika maandishi ya wataalamu wa uvuvi kuhusu Quirimba umeingia kwa jina la marema. Ngeli ni ile ile ya LI-YA, wingi ni ule ule wa ma-, na kinachobadilika ni konsonanti ya kwanza. Mwanafunzi wa fonolojia ya Kibantu aliyeziona d, l na r zikibadilishana kwenye kitu anachoweza kukishika mkononi hatazisahau.

Yapo mambo ya kuzingatia ambayo hayasubiri. Shughuli iishe kabla maji hayajageuka, kwa sababu maji ya bamvua hurudi kwa kasi na hujaza mikondo iliyo nyuma ya watoto kabla ya kuwafikia miguuni. Viatu vivaliwe, urumo na mawe yasiguswe ovyo. Ijumaa isichaguliwe, wala mwezi wa Ramadhani kwa safari ndefu. Akina mama wanaookota chaza waombwe ruhusa kwa heshima, kwa kuwa pale wako kazini. Hawakuja kuwa zana ya kufundishia.

Ziara ya mbali zaidi ni kisiwa cha Ibo, kilichokuwa makao makuu ya Cabo Delgado hadi mwaka 1929. Chombo hutoka Tandanhangue kikipita katikati ya mikoko, na hapo tena ni lazima kusubiri maji yajae; aliyesoma somo la mwezi anajua kwa nini. Ibo kuna ngome ya São João Batista ya mwaka 1791, yenye umbo la nyota, na wahunzi wa fedha wanaovuta nyuzi nyembamba kwa mkono. Watoto hupenda kuhesabu pembe za ngome. Hata hivyo, ngome hiyo pia ilikuwa gereza la kisiasa la wakoloni, na kisiwa kiliuza watu. Tunaamini mtoto wa miaka 11 anaweza kuambiwa hayo kwa maneno mafupi na ya kweli, tena na mtu wa Ibo.

Hatuwezi kuandika juu ya ziara huko bila kutaja vita. Mashambulio yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji huo ulitekwa Agosti 2020, ukarudishwa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 2021, na ghasia hazijakoma kabisa jimboni. Katikati yake, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kiliharibu Ibo na vijiji vya jirani. Kufikia mwishoni mwa 2022 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya milioni 1 waliokuwa wamehama makwao. Katika hali hiyo ziara fupi, ya karibu, yenye ruhusa ya wazazi na viongozi wa kijiji, ndiyo pekee inayofaa, na panapokuwa na shaka isifanyike.

Lakini fikirieni mtoto wa mvuvi aliyepelekwa Montepuez akiwa na miaka 5, bara kabisa. Ameingia shule mbali na bahari. Maneno ya bamvua na ya mtego hayana mahali pa kutumika, na wazee wanaoyajua wameketi kambini bila kazi. Hapo ziara hugeuzwa: mzee aletwe uani kwa shule, asuke dema kwa mianzi inayopatikana huko, aeleze kila sehemu kwa jina lake. Mwezi unaonekana Montepuez kama unavyoonekana Mocímboa, na watoto wanaweza kuuchora na kukisia maji ya kwao yamefika wapi usiku huo.

Tunawaomba wasomaji walioko Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja na Lamu, pamoja na wenzetu wa upande wa Msumbiji, watuletee majina ya sehemu za dema na ya hali za maji kama yanavyosemwa kwenu, ili tuyapange sambamba na ya Kimwani na Kimakwe. Mkiandika, tajeni kijiji na umri wa msemaji, na andikeni neno alivyolitamka, si tahajia mnayodhani ni sahihi. Kama mtoto ndiye aliyelisema, ambatisheni na mchoro wake.